Taa Kwenye Marfaa ya Bi Rukia

Vijana wa karakana wamenishikilia niwaandikie chochote kabla sijasahau. Wanasema fundi akishastaafu hukaa barazani akacheza bao, na ujuzi wake ukaishia hapo hapo. Bao mimi silijui, na hilo wanalifahamu vizuri kwa sababu wamenifunga mara nyingi, kwa hiyo sina kisingizio. Nitaandika ninayoyakumbuka kuhusu kazi yetu ya kutia taa ndani ya makabati, vitanda na meza za watu, kazi ambayo nilipoianza haikuwa hata na jina. Atakayetafuta humu habari za vyeo na mishahara hatazikuta. Sehemu kubwa nimempa mama mmoja wa Mkunazini aliyetaka kumsomea mumewe hitima kwa macho yake mwenyewe kabla macho hayo hayajafunga. Mimi nilitakiwa nimpatie mwanga wa kusomea, bila kumwona yeye wala yeye kuniona mimi. Mkiielewa kazi ile moja, nyingine zote mtaziona nyepesi.

Mimi ni mtu wa Tumbatu. Nilikuja mjini mwaka themanini na tano, nikapokelewa na Fundi Shomari katika karakana yake ya Kiponda, chumba kimoja chenye harufu ya vanishi na ya risasi ya kulehemu. Shomari alikuwa seremala kwa kurithi na fundi umeme kwa ukaidi. Siku ya kwanza hakunipa hata bisibisi. Alinikalisha mbele ya kabati la vyombo la mtu, akafunga dirisha, akawasha tochi na kuanza kuizungusha kila pembe ya kabati: juu mbele, juu nyuma, chini, ubavuni.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona tochi," nikasema.

Akaisogeza nyuma ya ubao wa juu. "Na sasa?"

"Naona vikombe."

"Basi hapo ndipo pake. Mwenye kabati anataka kuona vikombe vya mama yake. Globu zako hana haja nazo."

Tulishinda na mchezo ule mpaka alasiri. Nilirudi nilikopanga nikiwa na hasira, nikidhani mzee ananichezea kwa kuwa ni mgeni na lafudhi yangu inawachekesha watu wa mji. Nilichukua miaka kufahamu kwamba siku ile nilifundishwa nusu ya kazi.

Nusu ya pili ilikuwa joto na chumvi. Wakati ule hatukuwa na taa nyingine ila globu ndogo za tochi na zile za taa za gari, tulizoletewa na mabaharia mifukoni mwao. Watu walizitaka zaidi kwenye harusi. Chumba cha bibi harusi kilipambwa kabati la vioo, na kila rafu ilitandikwa vitambaa vya kufuma ambavyo mama wa bibi harusi alivifuma tangu binti yake anatambaa. Globu ilikuwa na tabia ya kupika kila kilicho karibu. Kuna kabati la Malindi, kazi ya fundi mwingine ambaye nitamsitiri, lililoanza kunuka mkate ulioungua huku wageni wakiwa wamekaa wanasifu. Shomari hakukubali globu ikaribie kitambaa kwa chini ya vidole vinne, na alipima kwa vidole vyake, vilivyokuwa vinene. Chumvi nayo haikuhitaji harusi. Kuta za mawe na chokaa hutoa jasho wakati wa masika, na waya unaopita karibu nazo huota kutu ya kijani. Kila kiungo tulikipaka nta. Nanyi muendelee kupaka, hata kama paketi imeandikwa kwamba maji hayaingii, maana aliyeiandika hajaishi Kiponda.

Jambo jingine la kazi yetu halimo katika kitabu chochote cha umeme. Samani zinazotiwa taa ziko vyumbani, na vyumbani muna wanawake. Fundi mwanamme hupiga hodi, husubiri, hupitishwa na mwenyeji mwanamme, na mara nyingi huishia upande mmoja wa pazia. Nimewahi kupokea vipimo vya kabati kwa kanga iliyopigwa mafundo, fundo la kwanza urefu na la pili upana. Kwa hiyo Shomari alinifundisha kusikiliza. Alisema mteja aliye nyuma ya pazia anakwambia kila kitu, na mwenye haraka ndiye asiyesikia.

Taa za LED zilitujia kwa njia ya nyuma. Kwanza zilikuwa ndani ya vitochi vya bei nafuu vya Darajani. Tulivivunja vitochi vile, tukatoa taa zenyewe na kuzilehemu moja moja kwenye waya. Zilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama, na ukikosea chanya na hasi haziwaki wala hazikwambii kosa liko wapi. Shomari alikuwa ameshaacha kazi, yuko kwao Kizimbani na midalasini yake. Nilimpelekea moja. Aliiwasha, akaifumba kiganjani akingoja imuunguze, na mpaka chai ikaisha haikumuunguza.

"Ingekuja mapema hii," alisema, "tungeokoa vitambaa vya watu." Alisema kwa huzuni kweli, kana kwamba vilikuwa vya mama yake.

Baadaye zikaja zile za utepe, unaoukunjua kama futi ya fundi cherehani. Kila baada ya taa tatu kuna alama ya mkasi; ukikata pasipo na alama, tatu zote umezipoteza. Kwa utepe ule karakana ilijaa kazi. Tulitia taa chini ya vitanda vya samadari ili mtu akishuka aone pa kuweka mguu, ndani ya makasha ya njumu, na nyuma ya vioo vya meza za kujipambia. Hoteli za Mbweni zilituita pia, na walikuwa wateja wazuri, ila kila walichotaka kiwe cha samawati.

Katika miaka hiyo akaja Khamis. Nyumba yao ilikuwa Mkunazini, watu wenye asili ya Kiarabu, na marehemu baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Mzee alikuwa amefariki si muda mrefu, na mama yake, Bi Rukia, alikuwa amekaa eda. Khamis alisimama mlangoni mwa karakana kama mtu aliyekuja kuazima kitu.

"Mama anamsomea baba hitima," akanieleza. "Baba alimwambia, nikifa unisomee wewe mwenyewe, usinigawie watu. Basi hataki kugawa juzuu hata moja. Na macho hana."

"Hana vipi?"

"Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari anataka kumpasua. Mama anasema hatoki nyumbani mpaka eda iishe. Tumemletea shekhe, kamwambia mgonjwa ana ruhusa. Kamjibu, ruhusa si amri. Na kila wiki naona anazidi kuinamia msahafu. Hajafika hata nusu, fundi. Macho yatafunga kabla hajamaliza, na mimi namjua mama yangu, hatanisamehe wala hatajisamehe."

Nikamwambia tutakwenda. Moyoni niliona ni kazi ya asubuhi moja.

Chumba chake kilikuwa cha ndani, hakina dirisha la barabarani. Dari ilikuwa ya boriti, juu sana, na tyubu moja ilining'inia huko huko. Mwanga wa juu namna ile ukifika chini umeshachoka. Mimi nilikaa kwenye ukumbi upande huu wa pazia, yeye upande ule, na Khamis katikati juu ya kiti, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na haki ya kuwepo. Nikamwamkia Bi Rukia, naye akaniitikia marahaba kwa sauti kavu ya mtu aliyezoea kutii na kutiiwa. Kisha Khamis akanitolea ile marfaa anayowekea msahafu. Ilikuwa ya msaji, imenakshiwa, miguu yake imelainika kwa kushikwa na vizazi.

Utepe wa kwanza alikuwa ameununua Khamis mwenyewe Dubai, na aliuonea fahari. Niliuegesha juu ya marfaa, akaipitisha ndani, nikaunga waya. Sikuwa nimeuwasha kabla. Chumba cha mjane wa eda kikawa chekundu, kisha kijani, kisha zambarau, kisha vyote kwa pamoja vikaanza kupepesa.

"Fundi," akasema Bi Rukia, "ndo mnaniozesha tena?"

Nilichomoa waya haraka. Khamis alitazama ukuta. Nadhani nilimsikia mama akicheka, lakini siapi.

Mara ya pili nilileta utepe mweupe, ule mweupe unaoelekea samawati, kwa sababu mweupe mwingine haukuwa ukipatikana mjini. Safari hii alijibu mara moja.

"Uondoe huo. Nyeupe hiyo nshaiona ya kunitosha."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumweleza kwamba weupe ndio unaoonyesha herufi vizuri. Khamis akanitikisia kichwa. Ndipo nikafahamu kwamba mama alikuwa anasema sanda. Nikakusanya vyombo vyangu.

Nilizunguka maduka ya Darajani mpaka nikapata karatasi ya nailoni ya njano, ya kufungia zawadi. Nikauviringishia utepe mikunjo miwili, na mwanga wake ukawa wa rangi ya samli. Bi Rukia akasema hiyo sawa, hiyo ni kama kandili ya kwao. Lakini alipoinamia msahafu hakusoma.

"Naona ukungu," akasema. "Herufi zimo ndani ya ukungu."

Nikaongeza utepe wa pili. Ukungu ukazidi. Siku nyingine nikaongeza wa tatu, na hapo akafunika uso kwa mtandio, maana nilimsikia akisema kwa sauti ya ndani ya kitambaa kwamba macho yanamuuma. Khamis alianza kukosa subira. Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliuliza tu, "Sasa tufanyeje, fundi?" kama mtu anayeuliza njia, na mimi njia sikuijua.

Nilikaa karakana siku ile nikifikiri kuhusu jicho. Mtoto wa jicho ni kama kioo kilichotiwa vumbi: ukikimulika, vumbi ndilo linalowaka. Kila nilipoongeza taa nilikuwa nalimulika vumbi lililo ndani ya macho yake. Alihitaji mwanga kwenye karatasi na giza machoni. Nikachonga ukingo mwembamba wa ubao wa kuuficha utepe, nikarudi na utepe mmoja tu.

Tatizo likawa wapi pa kuufunga ukingo ule. Gundi haikushika, marfaa ile ilikuwa imekaa miaka na miaka juu ya moshi wa udi, na mti wake umeunywa. Nilisugua kwa spiriti, nikasugua kwa limau, gundi ikashika mpaka nilipougeuza mgongo. Kutoboa sikutaka hata kufikiria. Hakuna aliyewahi kuitia msumari marfaa ile, na sikuona kwa nini niwe mimi. Halafu hata ningeweza, ningeufunga ukumbini kwa jicho langu, na jicho langu haliko pale lilipo lake.

"Uzi ninao," Bi Rukia akasema alipotusikia tukinong'onezana. "Nilikuwa nashona kofia mpaka macho yaliponikatalia. Kikapu kimejaa nyuzi. Nipitishie hicho kijibao, mimi nitafunga, wewe sema."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nikisema upande wangu wa pazia, yeye akifunga upande wake kwa kupapasa, na Khamis katikati yetu amelala kitini.

"Ukinyanyue kidogo upande wa kulia," nikasema.

"Kulia kwangu au kwako?"

Tukapotezana namna hiyo mara kadhaa, yeye anashusha ninapotaka apandishe. Mwishowe yeye ndiye aliyetafuta dawa. Alisema tuache kulia na kushoto, tuseme upande unaoanzia msahafu na upande unaomalizia. Baada ya hapo hatukukosana tena.

"Upande unaomalizia, ushushe mpaka usiione taa kabisa."

"Siioni."

"Unaona nini?"

Badala ya jibu nikamsikia anasoma, polepole kwanza, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayetafuta herufi kwa kijiti, halafu sauti ikapata njia yake, ikaenda aya nzima bila kukwama, na nyingine, na nyingine. Khamis akazinduka akauliza kuna nini. Nikamwonyesha pazia. Akasikiliza, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikainuka nikaenda kusimama kwenye ngazi, nikamwachia mama yake.

Umeme wa mji siku zile ulikuwa wa kwenda na kurudi, na utepe wa LED unakula umeme mdogo tu, wa volti kumi na mbili. Nikamwekea betri ya pikipiki. Kila ilipoisha nilikwenda kuibadilisha, na kila nilipokwenda nilimuuliza Khamis mama amefika wapi. Kuna wakati alikwenda vizuri. Kisha jicho la kushoto likafunga kabisa, akabaki na la kulia, akawa anasoma ukurasa mmoja kwa siku, na siku nyingine nusu yake. Khamis alimuomba atuachie juzuu chache tumalizie sisi, hata kwa siri. Nilikuwepo. Jibu lilitoka nyuma ya pazia bila ukali.

"Mwanangu, baba yako hakunambia ni rahisi."

Akausogeza ule ukingo yeye mwenyewe, akafungua mafundo na kufunga mengine, kulifuata jicho lililobaki. Mimi sikuitwa. Nilikuja kuambiwa baadaye.

Eda ilipokaribia kwisha nilianza kukosa utulivu kazini. Vijana mliokuwepo mtakumbuka nilivyokuwa nikigomba kwa mambo yasiyo na maana. Nilikuwa nahesabu kurasa za mtu mwingine. Alasiri moja Khamis akaingia karakana na sahani ya halua iliyofunikwa kawa.

"Kamaliza," akasema.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Herufi ya mwisho kaisoma yeye."

Nilikaa juu ya gogo la kufanyia kazi nikalia, na sikuona haya, ingawa nilisema ni vumbi la msasa.

Bi Rukia alipotoka eda alipelekwa hospitali, akapasuliwa macho yote mawili, moja baada ya jingine, na Mungu akajaalia. Baada ya muda akaniita. Nami nilikuwa nimejitayarisha kwa siku hiyo. Nilichonga ukingo mpya wa msaji uliofanana na marfaa yenyewe, nikauchimbia mfereji wa kufichia waya, nikapata utepe wa njano halisi usiohitaji karatasi ya zawadi. Nilitaka mara hii, akiwa na macho, aione kazi ya fundi.

Nilimkuta amekaa ukumbini na buibui lake, mama mdogo wa umbo, na marfaa iko mbele yake. Nikamwamkia. Akaniangalia kwa muda.

"Kumbe ndo wewe," akasema. "Sauti yako ilikuwa ya mtu mnene."

Kisha akaielekeza marfaa kwa kidole. "Na haya mafundo ni kazi ya nani? Mtoto wa chuo angefunga vizuri kuliko hivi."

Nikaitazama. Nilikuwa sijaiona tangu ilipopita pazia mara ya mwisho. Ukingo ulikuwa umepinda, umezungushiwa nyuzi za kushonea kofia za kila rangi, kijani juu ya zambarau, nyeusi juu ya nyeupe, fundo juu ya fundo, mengine makubwa kama kunde. Khamis ndiye aliyesema.

"Yako hayo, mama."

Bi Rukia akaivuta marfaa karibu. Hakuyatazama mafundo tena, aliyapapasa, akifumba macho yake mapya, akaenda kwa kidole kutoka upande unaoanzia mpaka upande unaomalizia. Alikuwa anayajua yote.

Nilitoa ukingo wangu kwenye mkoba, nikauweka mkekani. "Leo nitakufungia ulionyooka, Bi Rukia," nikasema. "Huu wa zamani tutautoa."

Akaunyanyua, akaugeuza, akausifu. Kisha akanirudishia.

"Usiniguse marfaa yangu, fundi," akasema. "Hivi ndivyo nilivyomsomea. Nibadilishie betri tu."

Nikambadilishia betri.